Kabla ya mbegu ya haradali, hesabu ndoo za maji

Ukitoka Tegeta kwenda Bagamoyo, ukishaiacha Bunju unaanza kuona nyumba mpya kila upande wa barabara: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Palipokuwa na minazi na mikorosho sasa pamekatwa viwanja. Karibu kila nyumba ina kipande cha ardhi kilichobaki nyuma ya jiko au kando ya uzio, na jioni mama wa nyumba hiyo hiyo anatuma mtoto gengeni akanunue mboga ya majani.

Mtu yeyote akiliona hilo atasema jambo moja: limeni mboga nyumbani. Ndivyo wanavyosema wataalamu wa lishe, ndivyo wanavyosema watangazaji wa redio, na ndivyo tunavyosema sisi wachumi wa kilimo kwenye semina. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na hakuna njia iliyo karibu zaidi ya kufika huko kuliko tuta lililo hatua kumi kutoka jikoni.

Ushauri huo ni mzuri, lakini ni nusu ya ushauri. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama bustani itaingiza fedha nyumbani au itazitoa. Nusu hiyo ni maji. Katika ukanda huu wa pwani, bustani ya nyumbani haianzi na mbegu. Inaanza na ndoo.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilipanda haradali ya majani kwenye kiwanja changu Mapinga. Mboga zilistawi, majirani walisifu, nami nikawa nawahesabia wenzangu kazini mafungu niliyovuna. Bomba lilikuwa bado halijafika kwangu, hivyo maji nilinunua kwa vijana wa mikokoteni. Mke wangu ndiye aliyekuwa analipa, na ndiye aliyekuwa anaandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani. Mwezi wa pili akaniwekea daftari mezani bila kusema neno. Fedha tuliyonunulia maji ilikuwa kubwa kuliko ile ambayo tungenunulia mboga gengeni mwezi mzima. Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo chuo kikuu nilikuwa nimehesabu mapato tu.

Haradali ni ipi?

Kwa watu wengi wa pwani, haradali ni zile punje ndogo zinazotiwa kwenye achari ya maembe au ndimu. Lakini mmea huo huo huliwa majani yake. Uko katika ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki, chainizi na loshuu inayopendwa Arusha. Majani yake yana ukali kidogo mdomoni, ukali ambao hupungua yakipikwa, na huenda vizuri na nazi au karanga.

Majina haya huchanganywa sana sokoni na hata kwenye maduka ya pembejeo. Wengine huziita zote figiri, wengine huziita zote chainizi. Kwa hiyo usinunue kwa jina la mtaani peke yake. Soma pakiti: haradali ya majani huandikwa Brassica juncea, na loshuu huandikwa Brassica carinata. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama mbegu imethibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Pakiti ndogo inatosha sana, kwa kuwa gramu moja ina mbegu zaidi ya 300.

Faida kubwa ya mboga hii kwa mwenye eneo dogo ni kwamba haing'olewi kama mchicha. Unachuma majani ya nje, unaacha manne au matano ya katikati, nayo inaendelea kutoa. Uchumaji wa kwanza huanza kati ya wiki ya nne na ya sita tangu kusia mbegu.

Hesabu ya nyumba mbili

Tuchukue mfano wa nyumba mbili zinazopakana, kila moja ina matuta manne, na kila tuta lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Kwa nafasi ya sentimeta 30 kati ya mche na mche, tuta moja linaingia mistari mitatu ya miche 16, yaani miche 48. Matuta manne yana miche 192.

Tuseme wakati wowote matuta matatu yanachumwa na la nne bado ni changa. Miche 144 ikitoa majani mawili hadi matatu kwa wiki, utapata wastani wa majani kama 50 kwa siku. Hayo ni mafungu matatu makubwa. Mawili yanaliwa nyumbani, moja linauzwa kwa jirani. Kama fungu ni Sh500, bustani inaleta Sh1,500 kwa siku: Sh1,000 ambayo haikutoka mfukoni na Sh500 iliyoingia. Kwa siku 30 ni Sh45,000. Toa Sh5,000 za samadi, mbegu na vitu vidogo. Inabaki Sh40,000.

Sasa maji. Kwenye udongo wetu wa kichanga, wakati wa jua, mboga ya majani inahitaji lita 5 hivi kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Matuta manne ni mita 20 za mraba, yaani lita 100, ambazo ni ndoo tano za lita 20.

Nyumba ya kwanza ina bomba. Tuseme uniti moja ya maji, ambayo ni lita 1,000 au ndoo 50, inalipiwa Sh2,000. Ndoo moja ni Sh40, ndoo tano ni Sh200 kwa siku, na kwa mwezi ni Sh6,000. Nyumba hiyo inabakiwa na Sh34,000.

Nyumba ya pili inanunua kwa mkokoteni. Tuseme ndoo ni Sh200. Ndoo tano ni Sh1,000 kwa siku, na kwa mwezi ni Sh30,000. Nyumba hiyo inabakiwa na Sh10,000, na hapo hatujahesabu saa moja ya kazi ya kila siku.

Sasa tuseme wadudu wamekula theluthi moja ya majani, jambo ambalo si geni. Mapato yanashuka hadi Sh30,000. Nyumba ya bomba bado inabakiwa na Sh19,000. Nyumba ya mkokoteni imepata hasara ya Sh5,000, na jirani zao wote wanaisifu kwa bustani nzuri.

Ndugu msomaji, usichukue bei zangu. Chukua karatasi, weka bei ya ndoo ya mtaani kwako na bei ya fungu ya genge lako. Kanuni ni rahisi: kama bei ya ndoo tano za maji inakaribia bei ya mafungu mawili ya mboga, matuta manne si yako. Utakuwa unawafanyia kazi wauza maji.

Mto mmoja, watu wengi

Wapo watakaosema kwamba bomba likifika, tatizo limekwisha. Tusisahau kiangazi cha 2022. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, Dar es Salaam na maeneo ya Pwani yanayohudumiwa na DAWASA yaliingia kwenye mgawo wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioko wilayani Bagamoyo, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na ule wa Ruvu Juu lita milioni 196. Lakini uwezo wa mtambo si maji ya mto. Mto ukipungua, mitambo yote miwili inapungua pamoja.

Mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, litakalohifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya kiangazi, ulisainiwa Novemba 2022. Ni jambo jema. Lakini mwenye bustani asipange mwaka wake kana kwamba bomba halitakatika. Siku za mgawo ndizo siku za jua kali, na haradali ikikosa maji siku tatu mfululizo kwenye mchanga, majani yanakuwa magumu na machungu, na mmea unakimbilia kutoa maua.

Visima navyo vina mambo yake. Kadiri unavyosogea baharini, maji ya kisima huweza kuwa na chumvi, hasa mvua zinapochelewa. Yaonje kabla ya kumwagilia. Ukiona kingo za majani zinaungua na kukauka wakati udongo una unyevu, shuku chumvi kabla hujashuku ugonjwa.

Kuhusu maji ya mvua, hesabu yake pia ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba, ikipata mvua ya milimita 20, inaweza kukinga lita zipatazo 1,000 baada ya kutoa zinazopotea. Lakini lita 1,000 kwa matuta manne ni maji ya siku kumi tu. Simtanki litakuvusha kati ya mvua na mvua. Halitakuvusha Januari na Februari. Kama unalo kwa matumizi ya nyumbani, vizuri. Usikope fedha kununua simtanki kwa ajili ya bustani peke yake.

Anza na tuta moja

Je, anayenunua maji aache kabisa? Hapana. Apunguze. Tuta moja la mita 5 linahitaji lita 25 kwa siku. Nyumba ya watu watano inayoosha mchele, mboga na matunda humwaga maji mengi ambayo hayana sabuni. Yakikusanywa kwenye ndoo moja jikoni, yanabeba sehemu kubwa ya mahitaji ya tuta hilo. Maji yenye sabuni yapelekwe kwenye mgomba au mpapai, si kwenye mboga ya majani.

Jambo la pili ni kuutendea mchanga haki yake. Mchanga haushiki maji, kwa hiyo uwekee kitu cha kuyashika. Madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri kwa tuta moja ni mwanzo mzuri. Mbolea ya kuku ni kali; iache ioze angalau mwezi mmoja, kisha tumia nusu debe. Wakati wa kiangazi, tuta liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, liinue ili mizizi isioze. Tandaza nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa kati ya miche. Mwagilia asubuhi na jioni, kamwe si saa saba mchana. Kivuli chepesi cha makuti juu ya miche michanga kinaokoa maji mengi.

Jambo la tatu ni kupanda kwa zamu. Kosa la wengi ni kusia pakiti nzima siku moja. Wiki ya tano mboga zinajaa hadi zinagawiwa bure, na wiki ya kumi mtoto anatumwa tena gengeni. Sia tuta moja leo, la pili baada ya wiki mbili, na kadhalika. Faida yake ni mbili. Mboga zinapatikana mfululizo, na wiki mbili za mwanzo unalipia maji ya tuta moja tu, sio manne ambayo bado hayajatoa hata jani. Ukiona hesabu haikubali, unasimama hapo hapo ukiwa umepoteza kidogo.

Msimu nao una bei yake. Kuanzia Juni hadi Septemba, joto la pwani linapopungua, haradali na ndugu zake hustawi kuliko wakati mwingine wowote. Lakini kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo bei ya fungu hushuka. Mvua kubwa zikija, kama zile za vuli ya 2023, bustani za mabondeni hufurika na mboga huadimika. Mwenye matuta mawili yaliyoinuliwa nyuma ya nyumba ndiye anayebaki na cha kuuza. Asiyekuwa na maji ya uhakika alime kwa ajili ya kula wakati wa baridi na kwa ajili ya kuuza wakati wa mvua, na apumzike Januari na Februari. Kupumzisha tuta si uvivu, ni uamuzi wa biashara.

Wadudu na mahali pa kulima

Adui wakubwa ni vidukari na viwavi wa kabichi. Viwavi hawa wanajulikana duniani kwa kuzoea sumu haraka, kwa hiyo kubadilisha dawa kila wiki ni kutupa fedha. Kwa bustani ndogo, mikono inatosha: geuza majani kila asubuhi, ponda mayai na viwavi. Vidukari vinyunyizie maji yenye sabuni kidogo, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni jua likishatulia. Mwarobaini tunao kila mtaa. Gramu 50 za mbegu zake zilizopondwa, zikilowekwa usiku kucha kwenye lita moja ya maji na kuchujwa, ni dawa nzuri. Mkilazimika kutumia sumu ya dukani, soma idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma na uzifuate. Watakaokula ni watoto wako na majirani wako. Baada ya haradali, tuta hilo usipande kabichi wala chainizi. Panda mchicha, bamia au kunde ili wadudu wakose mwenyeji.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Haradali ina tabia ya kunyonya madini mazito yaliyomo kwenye udongo, ikiwamo risasi. Wanasayansi huitumia kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Sifa hiyo ni nzuri kwa kusafisha ardhi na ni mbaya kwa sufuria. Usiipande kando ya gereji, mahali palipotupwa betri, au ukingoni mwa barabara kuu.

Ujumbe kwa halmashauri na vikundi

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Vikundi vingi huandika miradi ya bustani za mboga, na ni haki yao. Ombi langu ni kwamba ofisa ugani anayepitia andiko la mradi atafute kwanza mstari wa maji: yanatoka wapi, ndoo ngapi kwa siku, kwa bei gani, na mgawo ukija itakuwaje. Andiko lisilo na mstari huo lirudishwe, si kwa ukali, bali kwa kumkalisha mama na kuhesabu naye. Kikundi kinachoshindwa kurejesha mkopo wa serikali kwa sababu ya maji ya mkokoteni huishia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu, na hapo ndipo bustani inapouza hadi sufuria za kupikia mboga.

Aidha, semina za kilimo cha nyumbani zibadilishe mpangilio. Tumezoea kugawa pakiti za mbegu, kupiga picha na kuondoka. Tugawe pia daftari na kalamu. Upande mmoja mkulima aandike ndoo, upande mwingine aandike mafungu, yakiwamo yale yaliyoliwa nyumbani, kwa sababu nayo ni fedha. Mwisho wa mwezi ajumlishe. Hakuna mtaalamu atakayemshauri vizuri kuliko kurasa hizo mbili.

Mimi kwa sasa nina matuta mawili, si manne. Bomba limefika, ingawa si kila siku linatoa. Haradali iko karibu na mlango wa jiko, ndoo ya maji ya mchele iko pembeni yake, na daftari bado analishika mke wangu.